Bagira: nyumba za OCA na karatasi zake

Wenzetu wanaorudi Bukavu wanatuuliza sana: nyumba ya baba kule Bagira ni yetu ao ni ya Leta?

Mwaka 1952 Leta ya Wabelgiji iliunda OCA, ofisi ya kujenga mitaa ya Waafrika. Ilijenga Bagira huku kwetu, Matete na Bandalungwa kule Léopoldville. Kufika 1960 ilikuwa imesimamisha karibu nyumba 40,000. Haikuzigawa bure, hapana. Mwenye mshahara alilipa franga kidogo kidogo, mwezi kwa mwezi. Mama muuza soko, hata awe na pesa, hakuwa na karatasi ya mshahara. Mwaka 1955 Mfuko wa Mfalme ulikuja kusaidia wenye kipato kidogo.

Kisha sheria ya 20 Julai 1973 ikasema udongo wote ni wa Leta. Haki ya mtu juu ya kiwanja inaonekana kwa setifika ya konservateri. Wazee wengi walimaliza kulipa, lakini setifika hawakuitafuta, na vita ikawakuta hivyo.

Kwa hiyo risiti ya OCA, hata imechanika, musiitupe. Muilete ofisini kwetu. Tunaenda nayo pamoja kwa konservateri.