Coccinelle haikuwa na filtri

Wazee wa Golf wanaikumbuka Coccinelle ya Volkswagen tangu mji wetu ungali unaitwa Elisabethville, kabla ya 1966. Kijana akiifungua leo anatafuta filtri ya mafuta, haioni. Haikuibiwa! Filtri za mafuta zilianza Marekani miaka ya 1920, lakini Coccinelle iliwekewa chujio la waya tu, chini ya motere.

Chujio hilo linazuia chembe kubwa. Vumbi laini la kiangazi chetu linapita. Ndiyo maana kiwanda kiliagiza vidanje kila kilometa 5,000, na chujio lisafishwe. Motere inabeba lita 2.5 tu.

Mafuta ya zamani yaliacha uchafu utulie chini. Ya leo yana dawa inayoubeba, kwa hiyo yanakuwa meusi upesi, na watu wanalalamika wameuziwa bandia. Si lazima. Ila uchafu ukibebwa na filtri hakuna, unazunguka ndani mpaka siku ya vidanje.

Kuna familia zilizokimbia vita na gari moja kuukuu, na sasa ndilo linaloleta bukari nyumbani. Kwao lita mbili na nusu zinauma, lakini motere nyingine wataitoa wapi?