Bunduki za nani, fedha za nani: JWTZ kutoka Colito hadi Kagera

Usiku wa kuamkia Januari 20, 1964, askari wa kikosi cha kwanza cha Tanganyika Rifles waliwakamata maofisa wao wa Kiingereza katika kambi ya Colito, nje kidogo ya Dar es Salaam. Madai yao yalikuwa mawili: mishahara ipandishwe, na Waingereza waondoke ili Waafrika washike uongozi wa jeshi. Nchi ilikuwa huru tangu 1961, lakini jeshi lake, vikosi viwili tu vya watu wapatao 2,000, bado lilikuwa la kikoloni kwa kila hali. Hata jina la kambi lilitokana na vita vya Waingereza huko Ethiopia.

Januari 25 Waingereza haohao ndio walioitwa kuuzima uasi. Makomandoo wao walishuka kwa helikopta kutoka manowari Centaur, wakaimaliza kazi asubuhi ileile. Kwa Mwalimu Nyerere ilikuwa aibu kubwa, naye hakuificha. Jeshi likavunjwa. Septemba 1 mwaka huohuo likazaliwa Jeshi la Wananchi (JWTZ), likiongozwa na Mrisho Sarakikya, na Colito ikaitwa Lugalo, mahali ambapo Wahehe wa Mkwawa waliwaangamiza askari wa Kijerumani mwaka 1891.

Jina jipya halikugharimu kitu. Silaha, ndege, boti na mabweni ndivyo vilivyokuwa na gharama, na Hazina ya nchi changa haikuwa na fedha hizo. Simulizi nyingi za jeshi letu huruka hapa zikakimbilia mapambano. Naona ni kosa, kwa sababu hapa ndipo uhuru wa taifa ulipopimwa kwa mara ya kwanza.

Ujerumani Magharibi ilikubali kusaidia kikosi cha anga na ulinzi wa pwani. Lakini Zanzibar, iliyoungana na Tanganyika Aprili 1964, ilikuwa tayari na uhusiano na Ujerumani Mashariki, na Bonn haikutaka kuona ubalozi wa mahasimu wake kwenye ardhi ya rafiki. Mwalimu alijaribu njia ya kati: ubalozi wa Ujerumani Mashariki huko Zanzibar ufungwe, Dar es Salaam pawe na ofisi ya konseli tu. Bonn haikuridhika. Februari 1965 ikaondoa wakufunzi wake wa kijeshi kwa ghafla. Jibu la Mwalimu lilikuwa kuwaambia wachukue na misaada yao mingine ya serikali. Nchi maskini ilikataa fedha ambazo ilizihitaji sana, na bado nadhani ilifanya sawa.

Kanada ikaingia mwaka huo kwa mkataba wa miaka mitano: wakufunzi wa jeshi la nchi kavu, marubani, na ndege za usafirishaji aina ya Otter na Caribou. Wachina walikuwa wametangulia. Katikati ya 1964 walifika wakufunzi wachache pamoja na wakalimani wao, na magazeti ya Magharibi yakapiga kelele. Mwalimu aliwajibu waandishi kwamba hatari kubwa kabisa ni jeshi kuasi, na lile lililoasi Januari halikufunzwa na Wachina.

Mkataba wa Kanada ulipokwisha mwaka 1970, China ikachukua nafasi kubwa zaidi. Ndiyo iliyosaidia kujenga kambi ya wanamaji ya Kigamboni na uwanja wa ndege za kivita wa Ngerengere, ikaleta vifaru na ndege za kivita, huku reli ya TAZARA nayo ikijengwa kwa mkopo wake usio na riba. Katika miaka kumi tu, jeshi lililoanza na bunduki za Kiingereza likawa na silaha nzito.

Kisha Idi Amin wa Uganda akavuka mpaka. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi yake yaliiteka ardhi ya kaskazini mwa mto Kagera, na daraja la Kyaka likabomolewa. Uwezo wa kumpiga Amin, ambao Mwalimu aliutangazia taifa pamoja na sababu na nia, ulikuwepo, lakini ulikuwa mbali na uwanja wa vita. Vifaa vilipelekwa kwa treni hadi Mwanza, vikapakiwa melini kuvuka Ziwa Victoria hadi Bukoba, na kutoka hapo safari ikaendelea kwa barabara mbovu. Malori na mabasi ya mashirika na ya watu binafsi yalichukuliwa kubeba askari. Jeshi likapanuliwa upesi kwa kuingiza wanamgambo, wengi wao wakulima. Mizinga ya roketi ya BM, ambayo Waganda waliiita Saba Saba, ilitisha kwa sauti peke yake. Lakini sehemu kubwa ya njia hadi Kampala, iliyoanguka Aprili 11, 1979, askari waliikata kwa miguu.

Safari hii bili haikuwa ya China wala Kanada. Vita vinakadiriwa kugharimu dola za Marekani milioni 500, wakati Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imevunjika mwaka 1977, nchi ikilazimika kuanzisha upya shirika lake la ndege, reli na posta, na bei ya mafuta ikipanda kwa kasi. Umoja wa Nchi Huru za Afrika haukufidia kitu. Mwalimu aliwaomba wananchi wafunge mkanda kwa miezi 18. Waliokuwa watu wazima wakati ule wanaukumbuka msururu wa sabuni, sukari na unga, na wanajua kuwa miezi hiyo 18 ilipita na mkanda haukulegea. Wanakijiji wa Kagera walirudi kwenye nyumba zilizoporwa na mazizi matupu. Uganda ilimaliza kulipa deni lake la vita, takriban dola milioni 67, mwaka 2007, miaka minane baada ya Mwalimu kufariki.