Pamba ya siku 60: juu ya nini nguo ya kijani inachelewa

Siku hizi kampuni za nguo zinaandika kwenye lebo kwamba nguo yao haiharibu udongo wala maji. Ni vizuri. Lakini sisi watu wa agronomi tunauliza kwanza: gharama analipa nani? Na hilo swali kwetu Kongo liko na miaka zaidi ya 100.

Mwaka 1917, chini ya Wabelgiji, dekreti ilitoka: Leta inaweza kulazimisha watu wa kijiji kulima siku 60 kwa mwaka mimea ambayo yenyewe imechagua. Mmea huo ulikuwa hasa pamba. Mwaka 1920 Cotonco ikaundwa. Kampuni za pamba zikagawiwa maeneo: mulimaji hana ruhusa ya kuuza kwengine, na bei hapangi yeye. Asiyelima, faini ao jela. Mwaka 1942, wakati wa vita, siku zikapanda mpaka 120.

Sasa tuangalie Kalemie, ile iliyoitwa Albertville. Kiwanda cha Filtisaf kilisokota na kufuma nguo palepale, katika nchi inayolima pamba, na baadaye umeme ukatoka kwenye maji ya Bendera. Kwa hesabu ya leo tungesema: mnyororo mufupi, umeme safi, njo kijani hiyo! Lakini aliye chini kabisa alilima kwa kuogopa. Uhuru ulipofika 1960, kulazimishwa kukalegea, vurugu na barabara mbovu vikaongezeka, pamba ikaanguka. Wengi wakarudia muhogo na mahindi. Juu ya nini wangeng'ang'ania pamba?

Leo kizuizi ni kilekile. Anayetaka kuuza pamba ya bio analazimika kulima miaka 2 ao 3 bila mbolea na dawa za kiwandani mbele ya kupata cheti. Miaka hiyo mavuno mara nyingi yanapungua, na yeye bado anauza kwa bei ya kawaida. Musimu ukiisha, mnunuzi anaweza kwenda kwa mwingine. Hasara inabaki shambani.

Sikatai teknolojia. Ninasema hivi: kama kiwanda hakisaini mkataba wa miaka 3, na hakilipi sehemu ya ile miaka ya kungojea, basi kijani ni rangi ya lebo tu. Bankambo wetu walitolewa siku 60 kwa nguvu. Wewe utakayeandika mradi wa pamba kesho, hizo siku utazibebesha nani?