Mifupa ya Mfalme na Ulimi wa Mshindi

Nilipoisoma tamthilia ya Shakespeare kumhusu Richard III, nilimwamini: eti mfalme huyo alikuwa kibiongo mwenye mkono ulionyauka, na roho mbaya kupindukia. Richard aliuawa vitani Bosworth mwaka 1485. Aliyemshinda, Henry VII, ndiye babu yake Elizabeth I, malkia wa enzi ya Shakespeare. Je, mwandishi angethubutu kumsifu adui wa ukoo huo?

Mnamo 2012 mifupa ya Richard ilifukuliwa chini ya maegesho ya magari mjini Leicester. Kumbe uti wa mgongo ulipinda kweli, lakini mikono ilikuwa mizima! Basi, anayeihuisha historia jukwaani tumshangilie, ila tujiulize pia: msimulizi alimwogopa nani?