Uhamaji na uhamiaji: irabu moja katika safari ya kipepeo

Mpangaji akihama Dar es Salaam, mtaa mzima huona. Kirikuu husimama mlangoni asubuhi, godoro likapandishwa, sufuria zikafungwa ndani ya shuka, na kabla gari halijawashwa jirani mmoja lazima aulize: "Kwani anahamia wapi?" Irabu moja aliyoichomeka katika kitenzi ndiyo iliyobeba swali lake lote. Kuhama ni kuondoka ulipokuwa ukiishi. Kuhamia ni kwenda kukaa mahali fulani. Kitenzi cha kwanza kimetupa *uhamaji*, neno la wanabiolojia kwa safari za nyumbu, ndege na samaki. Cha pili kimetupa *uhamiaji*, neno la ofisi zinazogonga mihuri kwenye pasipoti.

Kwa miaka mingi nimekuwa nikisahihisha "uhamiaji wa nyumbu" kila nilipoukuta kwenye muswada, na bado nausahihisha. Ila yuko kipepeo mmoja aliyenifanya niitazame upya hiyo irabu.

Kitaalamu anaitwa *Danaus plexippus*. Hapa nitamwita monaki. Uzito wake ni kama nusu gramu, na mabawa yake ya rangi ya chungwa yamechorwa mishipa myeusi. Mwezi Machi, monaki waliopisha baridi katika milima ya katikati ya Meksiko huanza kuelekea kaskazini. Hufika Texas na maeneo jirani, hutaga, hufa. Watoto wao huendelea pale wazazi walipoishia, wajukuu huendelea tena, hadi kusini mwa Kanada. Hawa wa kiangazi huishi wiki 2 hadi 6 tu, na kila kizazi hufuata mmea unaoliwa na viwavi wake, kadiri unavyochipua mbele yake. Ukiwauliza wanahamia wapi, hawana jibu. Wanahama, basi.

Kisha mwishoni mwa kiangazi, siku zikifupika na usiku ukipoa, huzaliwa kizazi cha namna nyingine. Viungo vyao vya uzazi husubiri bila kukomaa, miili hujaza mafuta, na badala ya wiki chache wanaweza kuishi miezi 8. Hawa huruka hadi kilomita 4,000 kwenda kwenye misitu ya misonobari iitwayo *oyamel*, karibu mita 3,000 juu ya usawa wa bahari. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kufika huko, wala mzazi wake. Hushika njia kwa jua, na saa iliyomo ndani ya vipapasio vyao huwawezesha kurekebisha mwelekeo kadiri jua linavyosogea angani. Hawa ndio wenye jibu la swali la jirani. Hawa wanahamia.

Kwa hiyo ndani ya mwaka mmoja wa ukoo mmoja vitenzi vyote viwili vinahitajika. Jina la jumla libaki uhamaji, kwa kuwa limekwisha kuzoeleka na linatosha. Lakini mwandishi anayesimulia safari ya kwenda Meksiko asiogope kusema vipepeo *wanahamia* huko, na anayetaka kutofautisha mzunguko huu na ule wa nyumbu aseme *uhamaji wa vizazi*. Nyumbu wa Serengeti aliyevuka mto Mara mwaka huu anaweza kuuvuka tena mwakani. Mbayuwayu aliyetoka Ulaya hurudi Ulaya. Monaki mmoja mmoja hakamilishi duara; ukoo ndio unaolikamilisha.

Ugumu mwingine uko kwenye jina la mmea huo. Kiwavi wa monaki hula hasa mimea ya jenasi *Asclepias*, ambayo ukikwanyua jani hutoka majimaji meupe. Watafsiri wa haraka huandika "gugu la maziwa". Msomaji wa Mwanza au Kisumu atasoma nini hapo, ikiwa magugumaji ya ziwani anayaona kila siku? Tuna neno *utomvu*. Mmea wa utomvu unaeleweka, na unampeleka msomaji moja kwa moja kwenye jambo lenyewe. Kiwavi, mwenye milia ya njano, nyeusi na nyeupe, hutafuna kwanza kikonyo. Utomvu huvuja kwenye kidonda, jani hulegea na kuning'inia, ndipo huanza kulila bila kunaswa. Sumu iliyomo huihifadhi mwilini, na ndege akimmeza kipepeo aliyetokana naye hutapika. Mimea hiyo imefyekwa mno kwa dawa za magugu katika mashamba ya mahindi na soya ya Marekani. Msituni Meksiko vipepeo hawahesabiki, hivyo hupimwa kwa eneo la miti waliyoifunika: karibu hekta 18 msimu wa 1996–97, hekta 0.67 msimu wa 2013–14. Tarakimu hizo zinaniumiza.

Wanasayansi waliijua misitu hiyo Januari 1975, baada ya Fred Urquhart wa Toronto kutumia miongo kadhaa akiwabandika vipepeo vibandiko vidogo bawani. Wanavijiji waliijua zamani. Kwao monaki hufika mwanzoni mwa Novemba, karibu na Siku ya Wafu, na huaminika kuwa ni roho za marehemu zinazo*rudi*. Ndicho kitenzi pekee ambacho mwanabiolojia hawezi kumpa kipepeo huyo, na ndicho walichomchagulia.

Afrika Mashariki tunaye ndugu wa jenasi hiyohiyo, *Danaus chrysippus*, wa rangi ya chungwa vilevile, naye kiwavi wake hula mimea ya utomvu. Kwetu hakuna mlima mmoja wanakokusanyika wote. Huyu husogea na mvua. Dar es Salaam watafiti waliona sura zake za rangi zikiongezeka na kupungua kwa misimu, wageni wakiingia na wenyeji wakitoweka. Kwake uhamiaji haufai kabisa, na hata uhamaji unampwaya. Wafugaji walikwisha kutupatia kitenzi chake: anahamahama.