Kutoka Rwimbogo Hadi Mibirizi: Mlima Mmoja na Swali la Mtoto

Bismillahir Rahmanir Rahiim.

Sifa njema zote anastahiki Allah (S.W.), aliyeitandaza ardhi na akaikita milima ndani yake. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na maswahaba zake.



Ama baada ya hayo. Sisi tunaosomesha madrasa upande huu wa Rusizi tumejiwekea desturi: kila likizo huwachukua wanafunzi wakubwa tukatembea nao kwa miguu. Qur-an inatuhimiza kutembea katika ardhi na kutazama mwisho wa waliotutangulia ulikuwaje. Aya hizo tunazihifadhisha watoto kila mwaka, lakini mara nyingi wanazihifadhi wakiwa wamekaa kwenye mkeka. Safari hii tulitoka Rwimbogo tukaelekea mlima wa Mibirizi, na tungependa kuwaeleza tuliyoyaona njiani pamoja na swali tuliloulizwa kule juu.

Jina la Rwimbogo

Rwimbogo ni moja ya tarafa 18 za wilaya ya Rusizi, eneo lililokuwa sehemu ya mkoa wa Cyangugu kabla ya mipaka ya mikoa na wilaya kubadilishwa mwaka 2006. Kwa Kinyarwanda imbogo ni nyati, na Kiswahili nacho kina neno hilohilo, mbogo. Kwa hiyo msomaji wa Kiswahili anapolitamka jina hili anamtaja mnyama bila kujua. Leo nyati hayupo. Hata katika msitu mkubwa wa Nyungwe, ulio mashariki yetu, nyati wa mwisho aliuawa katika miaka ya 1970. Kilichobaki kwetu ni jina peke yake.

Ukisimama Rwimbogo ukatazama kusini, unaona bonde la Bugarama lilivyo tambarare, na mashamba yake ya mpunga. Huko ndiko chini kabisa katika nchi ya Rwanda, chini ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, na joto lake si la milimani. Magharibi ni mto Rusizi, unaotoka Ziwa Kivu, lililo mita 1,460 hivi juu ya bahari, ukateremka hadi Ziwa Tanganyika. Ng'ambo ya mto ni Kongo, na kusini zaidi, baada ya mto Ruhwa, ni Burundi. Nchi tatu zinakutana hapa. Ndiyo maana Kiswahili hakikusubiri sheria ya mwaka 2017 iliyokifanya lugha rasmi ya Rwanda. Sokoni Bugarama na Kamembe kilikuwa kikisemwa zamani, na wenye kuvuka kwenda Bukavu au Bujumbura walikirudisha nyumbani pamoja na bidhaa zao.

Nchi ya Kinyaga

Wazee wanaiita nchi hii Kinyaga. Ilikuwa mbali na makao ya wafalme, na ilifungwa zaidi katika utawala wa ufalme wa Rwanda wakati wa Mwami Rwabugiri, aliyefariki mwaka 1895. Watu wa Kinyaga waliuziana na kuoana na watu wa ng'ambo ya ziwa na mto kabla ya kuwapo mipaka hii tunayoonyesha vitambulisho.

Mwaka 1896, mwaka mmoja tu baada ya Rwabugiri kufariki, jeshi la ufalme lilipigwa vibaya Shangi, kaskazini ya hapa, na askari wa dola ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji waliokuwa wametokea Kongo. Kisha wakaja Wajerumani. Ndugu zetu Waislamu tukumbuke kwamba katika misafara hiyo ya Wajerumani walikuwamo askari na wapagazi waliosema Kiswahili, na wengi wao walikuwa Waislamu. Pamoja na wafanyabiashara kutoka pwani, hao ni miongoni mwa walioifikisha dini yetu Rwanda. Historia haichagui mlango: dini ya haki ikaingia nchini katika msafara wa watawala wa kigeni. Tunalisema hili kwa watoto bila kulificha, kwa sababu linatuandaa kwa yaliyo mbele.

Buni iliyozunguka dunia

Kutoka Rwimbogo njia inapanda na kushuka katikati ya migomba, maharage na mihogo. Kadiri unavyokaribia Mibirizi, mibuni inakuwa mingi. Mibirizi iko katika tarafa ya Gashonga. Mwaka 1903 mapadri wa Kikatoliki waitwao Mapadri Weupe walijenga misheni yao hapo, na inajulikana kote Rwanda kwamba ni hapo ambapo kahawa ya kwanza ya nchi hii ilipandwa, mwaka 1904. Hadi leo wataalamu wa kilimo wanaijua aina ya mbuni iitwayo Mibirizi, ambayo inaelezwa kuwa mbegu yake ililetwa na wamisionari kutoka Guatemala, Amerika ya Kati.

Hapa tuliwakalisha wanafunzi kivulini tukawauliza: je, kahawa ilifikaje Guatemala? Hakuna aliyejua. Tukawaeleza kwamba mbuni asili yake ni misitu ya Ethiopia, lakini waliokuwa wa mwanzo kujulikana kwa kuinywa kahawa kama tunavyoinywa leo ni Waislamu wa Yemen, katika karne ya 15. Masufi waliinywa usiku ili wasilale wakati wa dhikri. Neno lenyewe kahawa ni la Kiarabu, qahwa. Wanazuoni walibishana juu yake, na mwaka 1511 ilipigwa marufuku Makka kwa muda. Kutoka bandari ya Mokha ikaenda duniani: Waholanzi wakaipeleka Java, Wafaransa wakaipeleka kisiwa cha Bourbon, kisha ikavuka bahari hadi Amerika.

Basi buni iliyotoka mikononi mwa Waislamu wa Yemen ikazunguka dunia nzima, na ilipofika mlimani kwetu ilikuwa mkononi mwa padri. Ethiopia yenyewe haiko mbali nasi, lakini mbegu ilipita njia ndefu. Wanafunzi walicheka. Tukawaambia wasicheke tu, wafikiri. Kheri haina mwenyewe ila Allah. Humpitisha amtakaye, na anayejisifu kuwa ni yake peke yake hajui safari yake. Wakulima wa hapa nao hawakuifurahia tangu mwanzo, kwani katika miaka ya 1930 wakoloni wa Kibelgiji waliwalazimisha watu kupanda kahawa, wapende wasipende. Leo ndiyo inayolipa ada za shule.

Swali

Kule juu Mibirizi lipo kanisa la parokia, na ipo kumbukumbu ya waliouawa katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994. Tulinyamaza kimya, tukasimama. Kisha mwanafunzi mmoja, wa miaka kumi na minne hivi, akauliza: "Ustadhi, ni kweli kwamba aliyewaongoza wauaji kuja hapa alikuwa na jina kama letu?"

Ndugu wasomaji, tungeweza kumwambia kijana huyo kwamba wakati umekwisha, au kwamba tutazungumza siku nyingine. Tulikuwa tumezoea kuwasimulia habari moja tu ya mwaka 1994: namna Waislamu wengi wa Rwanda walivyokataa kuua, wakawaficha majirani zao majumbani na misikitini, na namna watu wengi walivyoingia katika Uislamu baada ya hapo kwa sababu ya waliyoyaona. Habari hiyo ni ya kweli na tunamshukuru Allah kwa ajili yake. Lakini si habari yote.

Jibu la swali la kijana ni ndiyo. Yussuf Munyakazi alikuwa mkulima na mfanyabiashara wa Bugarama, mji wenye Waislamu wengi, na alikuwa kiongozi wa Interahamwe. Mahakama ya Kimataifa ya Mauaji ya Kimbari ya Rwanda, iliyokuwa Arusha, ilimtia hatiani mwaka 2010 na kumhukumu kifungo cha miaka 25, na rufaa yake ikakataliwa mwaka 2011. Mahakama iliona kwamba aliongoza mashambulizi katika parokia ya Shangi tarehe 29 Aprili 1994, ambako waliuawa maelfu ya watu, na katika parokia ya Mibirizi siku iliyofuata, tarehe 30.

Tazameni kalenda. Tarehe 29 Aprili 1994 ilikuwa siku ya Ijumaa.

Watu waliouawa walikuwa wamekimbilia kanisani kwa sababu katika machafuko ya miaka ya nyuma makanisa yalikuwa yakiheshimiwa. Ulikuwa msimu wa masika, wakati buni zinaanza kuwa nyekundu. Kutoka Bugarama hadi Mibirizi hakuna njia isiyopanda. Mtu anayepanda mlima ana nafasi ya kufikiri, na ana nafasi ya kugeuka. Nasi tuliopanda siku ile tulihema, tukapumzika mara nne. Kila tulipopumzika sasa tunajua kwamba tulikuwa tunapumzika mahali ambapo mtu angeweza kugeuka.

Tumjibu nini mtoto?

Wako wazazi watakaosema: kwa nini kuwaambia watoto mambo haya? Tutawachafulia dini yao. Nasi tunasema, dini haichafuki kwa ukweli. Yussuf ni jina la Nabii, na Nabii Yusuf (A.S.) ndiye aliyetupwa kisimani na ndugu zake mwenyewe, watoto wa Nabii. Qur-an haikuwaficha ndugu hao kwa sababu ya heshima ya baba yao. Imetuhadithia kila kitu: wivu wao, uongo wao, na shati lililopakwa damu ya uongo. Ingekuwa kuficha aibu ya nyumba ni sehemu ya dini, sura hiyo isingeteremshwa.

Na katika Suratun-Nisaa, aya ya 135, tumeamrishwa kusimamia uadilifu hata kama ushahidi utakuwa dhidi ya nafsi zetu, wazazi au jamaa zetu. Tunapohadithia wema wa Waislamu wa 1994 na kunyamazia uovu wa aliyekuwa na jina letu, tumetoa nusu ya ushahidi. Aliyenusurika Mibirizi, ambaye leo tunanunua naye chumvi duka moja, anaijua nusu iliyobaki. Anatusikiliza tunavyojisifu na ananyamaza kwa adabu tu.

Kuna madhara mengine. Mtoto akifundishwa kwamba jina la Kiislamu linatosha kumzuia mtu asiue, hatajilinda. Waliokataa kuua hawakukataa kwa sababu ya majina. Walikataa kwa sababu kila mmoja, mlangoni kwake, alimwogopa Allah kuliko alivyowaogopa wenye mapanga. Jina walikuwa nalo wote wawili, aliyeficha na aliyeua. Tofauti yao ilikuwa katika lile tendo moja.

Hivyo ndivyo tulivyomjibu kijana, kwa maneno machache kuliko haya. Alinyamaza kitambo, kisha akauliza kama inajuzu kuwaombea waliouawa hapo. Tukamwambia amuombe Allah awape subira waliobaki, na amuombe ampe yeye mwenyewe moyo wa kugeuka njiani siku atakayoitwa kwenye uovu. Aliinua mikono, na wenzake wakainua.

Kwa watakaopenda kutembea

Familia zinazotaka kufanya safari hii zitoke asubuhi na mapema, baada ya Swalatul-Fajri, kabla jua halijawa kali. Mwezi wa Machi hadi Mei mvua ni nyingi na udongo unateleza, basi vaeni viatu vyenye kushika. Miezi ya Juni hadi Agosti ni mikavu. Chukueni maji ya kutosha. Wakulima wanaposalimia, itikieni kwa Kinyarwanda na msimame kidogo, maana kupita kimya mbele ya mtu aliye shambani kwake si adabu. Watoto wasichume buni, hata moja, kwani ni mali ya mtu. Mkifika kwenye kumbukumbu msipige kelele wala picha za kuchekea. Na mkikutwa na Dhuhuri njiani, kibla kwetu ni kaskazini, mkielemea kidogo mashariki.

Sisi tulisali tukiwa tumeteremka kidogo, mahali wazi penye majani. Upande mmoja lilikuwa bonde la Bugarama na upande mwingine mnara wa kanisa. Mzee mmoja mwenye shamba la jirani alitungoja tumalize, kisha akatuletea dumu la maji na kikombe kimoja. Tulikunywa kwa zamu, tukamshukuru. Hakutuuliza majina yetu.

Tunamuomba Allah (S.W.) awape subira wafiwa wa Mibirizi, Shangi na Rwanda nzima, atujaalie kuwa miongoni mwa wenye kusema kweli hata juu ya nafsi zetu, na avijaalie vizazi vyetu kuwa salama kwa majirani zao. Amin.

Wabillahi tawfiq.