Klabu ya Mtaa Ijilishe Vipi? Niliyojifunza Kisumu

Kila Disemba simu yangu hujaa ujumbe wa aina moja. "Ami, timu inaingia mashindanoni, hatuna jezi, tusaidie chochote." Natuma nilichonacho. Mwaka ukizunguka, ujumbe ni ule ule, mara nyengine kutoka kwa vijana wale wale waliokwisha kubadilisha jina la timu kwa sababu ile ya kwanza ilivunjika.

Mwaka huu nilikwenda Kisumu kwa harusi ya jamaa, nikafikia Kaloleni. Nasema Kaloleni ya Kisumu, si hii yetu ya Kilifi. Mwenyeji wangu ni mpenzi wa mpira kupindukia, na kwa siku nilizokaa nilizunguka naye viwanjani na kwenye vikao vya klabu moja ya mtaa. Klabu ile haina mfadhili, na bado mechi za ugenini inakwenda na nauli inalipa. Nikaona niyaandike niliyoyaona, ili wenye timu huku Pwani wapate pa kuanzia.

Lakini kwanza tuwaangalie wakubwa wa kanda ile ya ziwa, maana wao wamekwisha kutupa funzo kwa gharama kubwa.

SoNy Sugar ya Awendo ilikuwa timu ya kiwanda cha sukari. Mwaka 2006 ilichukua ubingwa wa ligi kuu ya Kenya, jambo ambalo klabu nyingi za mijini hazijaliota. Mwaka 2019 timu hiyo hiyo ilitupwa nje ya ligi baada ya kushindwa kufika uwanjani mara tatu. Kiwanda kilipokaukiwa, timu nayo ilikauka. Chemelil, jirani yake kwa miwa, nayo ilikuwa ikiegemea kiwanda, na kiwanda kilipoyumba nayo iliyumba.

Mwaka huo huo wa 2019, SportPesa ilipogombana na serikali juu ya kodi na leseni, ilifuta ufadhili wake wote wa michezo nchini. Gor Mahia, klabu iliyoundwa 1968 na iliyoleta Kombe la Washindi la Afrika mwaka 1987 kwa kuitoa Espérance ya Tunisia, ilijikuta inahangaikia mishahara na nauli. Hii ni klabu yenye mashabiki kutoka Homa Bay mpaka Nairobi, watu ambao wangeweza kuilisha kama tangu zamani ingekuwa na utaratibu wa kupokea kidogo kutoka kwa wengi. Badala yake mkono mmoja ulikuwa ukilisha, na mkono huo ulipoondolewa sahani ilibaki tupu.

Kwetu mtaani mkono huo huwa ni wa mheshimiwa. Analeta jezi zenye picha yake mwaka wa uchaguzi, anapiga picha na nahodha, kisha tunamuona tena baada ya miaka mitano. Sisemi jezi zake zikataliwe. Nasema zisihesabiwe kwenye bajeti.

Bajeti yenyewe ndiyo mahali pa kuanzia, na ndiyo timu zetu nyingi hazina. Katika kikao cha kwanza nilichohudhuria Kisumu, katibu alikuwa na daftari la shule lenye orodha ya mahitaji ya msimu mzima: usajili, mipira, nauli ya kila mechi ya ugenini, ada za waamuzi, maji, bendeji na dawa ya kuchua, na akiba ya mchezaji akivunjika. Kila kitu kina bei mbele yake. Ukimwendea muuza duka ukamwambia "tusaidie", atakupa mia mbili uondoke. Ukimwambia "tumepungukiwa nauli ya mechi mbili, ni hii hapa", ataangalia karatasi, na pengine atalipa mechi moja nzima.

Baada ya bajeti huja mchango wa wanachama. Tuseme klabu ina watu 60, wachezaji, wazee na mashabiki, na kila mmoja anatoa shilingi 50 kwa wiki. Hizo ni 3,000 kwa wiki, na kwa mwaka ni 156,000. Wapo watakaoruka wiki, kwa hivyo toa theluthi. Bado una laki moja na zaidi kabla hujamgongea mtu mlango. Kule Nyanza watu wamezoea nyoluoro, ile michango ya mzunguko ambayo sisi tunaiita mchezo au chama, kwa hivyo kutoa kila wiki si jambo la ajabu kwao. Wala kwetu si jambo la ajabu. Mama zetu wanacheza mchezo miaka yote na hakuna anayekosa zamu yake. Ni vijana wa mpira tu ambao hawajawauliza mama zao wanafanyaje.

Mweka hazina wa klabu ile ni mama muuza samaki. Asubuhi huteremka Dunga kuchukua ngege na mbuta, jioni yuko kando ya uwanja na kijitabu cha risiti. Nilimuuliza kwa nini vijana walimchagua yeye, na mpira wenyewe haujui. Alicheka. "Ustadh, mpira sijui, lakini pesa najua. Pesa ya timu hailali kwa nyumba ya mtu."

Neno hilo lilinichoma, kwa sababu timu ya mtaa wetu nilipokuwa kijana ilikufa kwa jambo hilo hilo. Tulichangisha vizuri, watu walitoa, na pesa zikakaa kwa mtu mmoja tuliyemwamini. Hakuwa mwizi. Mtoto wake aliugua, akazitumia akitaraji kuzirudisha, na siku ya safari hapakuwa na kitu. Waliotoa hawakutoa tena, na yule bwana akawa hapiti maskani mpaka alipohama. Tulipoteza timu na tukapoteza jirani.

Kwa hivyo nawasihi, msichangishe hata shilingi kabla ya kufungua akaunti ya klabu yenye watia saini watatu, na pesa zisitoke bila wawili. Michango ya simu iende kwenye namba ya Paybill iliyounganishwa na akaunti hiyo, isiende kwenye simu ya mtu. Kila mwisho wa mwezi hesabu zisomwe mbele ya watu, kilichoingia na kilichotoka, na karatasi ipigwe picha itumwe kwenye kundi la WhatsApp. Benki watataka cheti cha usajili. Sheria ya Michezo ya 2013 iliweka Msajili wa Michezo, na klabu inaweza kusajiliwa kwake. Ni usumbufu wa makaratasi, ndiyo, lakini kampuni yoyote ya maana mtakayoiendea kesho itauliza cheti hicho kabla ya kuwauliza mmefunga mabao mangapi.

Sasa njia za kupata pesa za wengine. Mashindano ya mtaa ndiyo yanayojulikana zaidi, kila timu inalipa kiingilio na mshindi anapata mbuzi. Tatizo ni kwamba wengi wanaweka zawadi kubwa kuliko viingilio, wakitumaini mfadhili atafidia, na mfadhili asipotokea klabu mwenyeji inabaki na deni. Zawadi itoke ndani ya viingilio. Faida iko kwenye chakula. Watu watakaokaa uwanjani kutwa watakula, na kama klabu haikuwapikia, mchuuzi wa nje atachukua pesa zile. Pale Kisumu walikaanga samaki na omena na kupika chapati, mama wa wachezaji wakiwa ndio wapishi. Kwetu ingekuwa viazi karai, bhajia, mishkaki na maji ya ukwaju, na nadhani tungewashinda. Watu wa raga wa Kisumu wamelijua jambo hili kwa kipimo kikubwa: Dala Sevens, mashindano ya wachezaji saba kila upande, huwajaza wageni mjini. Pesa nyingi za raga zina harufu ya bia, na hapo sisi tuna mpaka wetu, lakini fikra ya kuwaleta wageni kwako badala ya wewe kuwafuata ni fikra nzuri.

Kilichonifurahisha zaidi ni usiku wa pakruok. Ni desturi ya Wajaluo kwenye ngoma: mtu anatoa pesa, muziki unapunguzwa, naye anasimama kujisifu, kumsifu rafiki yake, shemeji yake au kijiji chake kwa maneno ya mafumbo. Akimaliza, mwengine naye anatoa zaidi ili amjibu. Klabu ile ilikodi mpiga muziki, ikatangaza kwamba pesa za sifa ni za timu, na mzee mmoja alimsifu golikipa mpaka watu wakashika mbavu. Nilikaa pale nikawakumbuka mashabiki wa taarabu kwetu, mtu anavyoinuka na noti mkononi kwenda kumtunza mwimbaji kwa sababu ubeti umemgusa, au umemgusa adui yake. Ni mchezo mmoja kwa lugha mbili. Usiku wa taarabu au wa mashairi ambapo kutunza kote kunakwenda kwenye kapu la timu ungeingiza pesa Mombasa na Malindi kuliko barua 100 za kuomba msaada.

Kuna njia moja ambayo vijana huipenda nami nitaitaja ili niikatae: bahati nasibu. Unauza tiketi, mmoja anashinda simu au baiskeli, wengine wanapoteza walichotoa. Sheria ya nchi inataka kibali cha jambo hilo, na kwetu Waislamu ni kamari hata kama pesa zinakwenda kwenye jezi. Vivyo hivyo kampuni za kamari. Najua nitaambiwa timu zitafa, lakini tumekwisha kuona kwamba hata wenye kuzipokea hawakusalimika. Na mwenye kwenda msikitini kuomba, aombe sadaka, asiombe zaka. Zaka ina wenyewe wanaojulikana, na mipira haimo.

Nimeacha la mwisho kwa sababu ndilo lililonibadilisha mawazo. Klabu ile ilipopata faida ya mashindano yake ya kwanza haikununua jezi. Ilinunua hema moja na viti vya plastiki. Vijana walilalamika, wakacheza msimu mzima na jezi zilizofifia, lakini kule matanga huchukua siku na hema halikai bure. Tuseme hema linakodishwa shilingi 2,000 na viti 100 kwa shilingi 10 kila kimoja: hizo ni 3,000 kwa shughuli moja, na wachezaji wenyewe ndio wabebaji. Sisi tuna harusi, hitma, maulidi na futari za Ramadhani. Tuna haja ya turubai, viti, masufuria na sinia kila wiki, na tunamlipa mtu binafsi. Ni kama wakfu mdogo wa timu: mali inabaki, mapato yake yanatumika. Sharti ni daftari la kukodisha, amana ya kulipia kilichovunjika, na mtu mmoja anayeshika funguo za stoo ambaye si mwenyekiti.

Kikao cha mwisho nilichohudhuria kilichukua saa tatu na hakikumalizika. Nusu ya watu walitaka hema la pili, nusu wakitaka mashine ya kuchapa jezi ili wawachapie na timu za Nyalenda na Manyatta. Mama wa samaki alikuwa upande wa hema. Golikipa alikuwa upande wa mashine, na alikuwa amekuja na bei zake zimeandikwa.